Rau, Manyara, Amani au Udzungwa: uchague msitu upi wa joto ukitokea Moshi au Arusha

Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro na Meru tumelelewa na msitu wa baridi. Ukishapita migomba na kahawa za Marangu au Machame ukaingia hifadhini, unakutana na ukungu, matawi yaliyofunikwa na ukoga, na baridi ya kukuvalisha sweta saa saba mchana. Ni msitu wa mvua wa kweli, tena wa heshima: mti mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika, mkukusu wa mita 81.5, uko katika bonde moja la mlima huu huu. Ila huo ni msitu wa mlimani. Anayetaka kuujua msitu wa nyanda za chini, ule wa joto na jasho, inabidi ateremke, na akishateremka atakuta misitu kadhaa isiyofanana hata kidogo.

Ninaposema nyanda za chini nina maana ya kimo cha chini ya mita 1,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Hapo hakuna baridi ya kuudumaza mmea. Miti mikubwa inapanda juu kutafuta jua, chini yake kuna miti ya kati, chini yake tena kuna vichaka na miche inayosubiri mmoja wa wakubwa aanguke ili nayo ipate mwanga. Majani yanayoanguka yanaoza haraka, hivyo rutuba haizami sana. Ndiyo maana miti mingi inatandaza mizizi juu juu na kujiegemeza kwa mbavu pana za mbao zinazotoka shinani, nyingine zinampita mtu kimo. Jani nalo mara nyingi lina ncha ndefu ya kumwagia maji, lisikae limelowa muda mrefu likaota ukungu. Ukisimama ndani ya msitu wa namna hii baada ya mvua, utasikia matone yakiendelea kudondoka kwa muda mrefu baada ya mawingu kuondoka.

Swali ninaloulizwa na ndugu, marafiki, hata wageni wanaoshukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni wapi pa kwenda. Wengi wanataka jibu la majina ya wanyama: kuna tembo? kuna chui? Huku kwetu watu wamezoea Serengeti na Ngorongoro, ambako mnyama anaonekana toka mbali ukiwa umekaa kwenye gari. Msitu wa joto hauendi hivyo. Mnyama anaweza kuwa hatua ishirini kutoka ulipo na usimwone, na kuanzia saa nne asubuhi ndege wananyamaza, kima wanapumzika, joto linakuwa kali. Kwa hiyo mimi hupima safari ya msitu kwa idadi ya asubuhi: ni mara ngapi utaamka ukiwa tayari mlangoni mwa msitu, uingie saa kumi na mbili na utoke saa tatu au saa nne ukiwa umesikia na kuona. Safari inayokupa asubuhi moja baada ya siku mbili za basi ni safari mbaya, hata kama msitu wenyewe una sifa dunia nzima.

Rau, ulio mlangoni pa Moshi

Watu wengi wa Moshi mjini hawajawahi kuingia Rau, na hilo linanisikitisha, maana uko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Bodaboda inakufikisha. Ni msitu mdogo, wa hekta zisizozidi 600, chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), umezungukwa na makazi upande mmoja na mashamba ya mpunga wa umwagiliaji upande wa pili.

Kitu cha kuelewa kuhusu Rau ni maji yake. Mvua ya Moshi peke yake haitoshi kuotesha msitu mnene wa namna hiyo. Mvua kubwa inanyesha juu, kwenye mkanda wa msitu wa Kilimanjaro, inazama ardhini, inapita chini ya miguu yetu na kuibuka huku chini kwenye chemchemi. Wataalamu wanauita msitu wa maji ya ardhini. Kwa hiyo mtu makini anaweza kubisha kwamba Rau haustahili kuitwa msitu wa mvua, na atakuwa na haki. Lakini ukiwa ndani, unakuta yote: joto la unyevu, mikuyu iliyokumbatia miti mingine, mivule yenye umri mkubwa, kamba za mimea zilizoning'inia, na mti uitwao msoo, ambao duniani kote unapatikana sehemu chache tu za Tanzania na Kenya. Mbega wapo, kima wapo. Hondohondo unawasikia kabla hujawaona.

Nenda na mwongozaji wa hapo hapo kijijini. Yule mzee niliyeingia naye, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, alinisimamisha chini ya mti mmoja akaniambia, "Mwanangu, usitafute kima. Tafuta tawi linalotikisika wakati hakuna upepo." Tukasimama. Tawi likatikisika, likatokea jike la mbega na mtoto mweupe pee kifuani. Mbega huzaliwa weupe, rangi nyeusi inakuja baadaye, na yule mtoto alikuwa bado hajaanza kubadilika.

Kasoro ya Rau ni ukubwa. Saa tatu zinatosha kuuzunguka sehemu kubwa, na kelele za mji zinakufuata: pikipiki, redio, muziki wa harusi Jumamosi. Wakati wa masika njia zinajaa maji na utahitaji buti za mpira. Jioni mbu ni wengi kwa sababu ya mpunga. Hata hivyo kama hujui kama utapenda msitu wa joto au utauchukia, usitumie nauli ya kwenda Tanga wala Morogoro kabla ya kujijaribu hapa. Gharama ni ndogo, na unarudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Manyara, kwa anayetaka kukaa kwenye gari

Wa Arusha watasema Rau ni mbali kwao, basi wana Manyara, kilomita zipatazo 120 kwa lami hadi Mto wa Mbu. Ukivuka tu geti la hifadhi unaingia msituni: mikuyu mikubwa, mitimaji, vijito vinavyokatiza barabara. Nao ni msitu wa maji ya ardhini, unaoishi kwa chemchemi zinazotoka chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye eneo ambalo bila hizo chemchemi lingekuwa nyika ya migunga. Ukiendesha nusu saa unatoka msituni na kuikuta hiyo migunga yenyewe.

Kwa bibi asiyeweza kutembea, au watoto wadogo wanaochoka haraka, Manyara ndiyo jibu. Nyani wapo kwa makundi makubwa, tembo wanapita katikati ya miti, na kuna njia ya kamba ya kutembea juu kwenye matawi, ambayo inakupa kitu ambacho misitu mingine niliyoitaja haikupi kirahisi: kuangalia msitu kutoka kimo cha ndege. Lakini sehemu kubwa ya ziara unaifanya ukiwa garini, kioo kimefunguliwa, injini ikinguruma. Msitu unaupita, huuingii. Kwangu mimi hilo linatosha kuishusha Manyara kwenye orodha ya mtu mzima mwenye miguu mizima.

Amani

Hapa ndipo ninapowapeleka watu wengi, na nitakaa hapa kidogo.

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, nayo ni sehemu ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Ukubwa wake ni kama hekta 8,380, na inaanzia chini kabisa, mita 190 hivi, mpaka kupita mita 1,100. Kutoka Moshi ni zaidi ya kilomita 300: Same, Mombo, Korogwe, unakunja Segera kuelekea Tanga, unashuka Muheza. Mabasi ya Arusha–Tanga yanapita hapo, na ukiondoka alfajiri unafika Muheza mchana ukiwa bado na nguvu. Nunua machungwa, ndiyo sifa ya Muheza, kisha utafute usafiri wa Amani. Magari ya abiria ni machache, kwa hiyo usifike jioni. Barabara ni ya vumbi na mawe, inafuata Mto Zigi, mto unaowapa maji watu wa Tanga mjini.

Ushauri wangu mkubwa kuhusu Amani ni huu: lala Sigi kwanza. Wageni wengi wanapandisha moja kwa moja mpaka Amani kijijini, kwenye kimo cha mita 900 hivi, wanakuta hali ya hewa nzuri, chai imetandazwa milimani, usiku baridi kidogo, wanasema wameona msitu wa Amani. Wameona nusu yake. Sigi iko chini, mita 450 hivi, penye lango la hifadhi na jengo la kituo cha reli cha zamani. Wajerumani walijenga reli kutoka Tengeni mpaka hapo, ikakamilika mwaka 1910, kubeba mbao na mazao. Msitu ulioizunguka Sigi ndio msitu wa joto hasa. Asubuhi ya kwanza ukaitumie hapo, ya pili upande juu, ulinganishe kwa macho yako jinsi miti inavyobadilika kadiri unavyopanda.

Amani ina historia ambayo msitu mwingine wa Afrika Mashariki hauna. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, wakaotesha bustani yenye mimea kutoka kila pembe ya nchi za joto: mkwinini wa kutengenezea dawa ya malaria, mkafuri, msaji, michikichi. Mingi bado imesimama, na ukitembea na mwongozaji mzuri unafundishwa mti mmoja baada ya mwingine, huku anakuvunjia jani unuse. Kuna upande mchungu wa habari hiyo pia. Maesopsis eminii, mti unaotoka upande wa Ziwa Victoria, uliletwa Usambara kwa nia njema, hondohondo wakala matunda yake wakatawanya mbegu, na sasa umejipenyeza kila mahali ambapo msitu wa asili ulikatwa. Muulize mwongozaji akuonyeshe. Ukishautambua mmoja utauona kote, na utaelewa kwamba msitu unaoonekana mzima kutoka barabarani unaweza kuwa umeshabadilika ndani.

Halafu kuna lile ua. Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya, lilitoka huku. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alipeleka mbegu kwao mwaka 1892, na jina lake ndilo likabaki kwenye ua. Porini huliona kama hujainama. Linaota kwenye mawe yenye kivuli karibu na maji, majani manene yenye manyoya laini yamebana kwenye mwamba, na maua mawili matatu juu ya vikonyo vyembamba kama uzi. Mara nyingi ni dogo kuliko lile la kwenye chungu. Usiling'oe hata kama uko peke yako. Makundi yake ya porini ni machache na yako hatarini.

Usiku wa Amani nao una mambo yake. Omba kutembea na mwongozaji baada ya saa moja jioni, mkiwa na tochi za kichwani. Vinyonga, ambao mchana unaweza kuwapita kumi bila kumwona hata mmoja, usiku wanalala kwenye ncha za vijiti, mkia umekunjwa mviringo, na mwili wao umepauka kiasi kwamba mwanga wa tochi unawaangukia na kuwatoa nje ya majani. Vyura wanaimba kila upande. Komba analia juu. Wale wanaosema msitu hauna wanyama ningewapeleka huko saa mbili usiku.

Ila niseme ukweli kwa anayetafuta wanyama wakubwa: Amani si mahali pako. Utaona mbega na kima, utaona hondohondo wakipita na mabawa yao yanayovuma hewani, vipepeo wengi, na kama unapenda ndege utakaa shingo imepinda siku nzima. Tembo hamna. Na mvua inanyesha sana, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, hata miezi ambayo Moshi ni vumbi tupu.

Udzungwa

Udzungwa ni kitu kikubwa zaidi, na kigumu zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na inapanda kutoka mita 250 kwenye Bonde la Kilombero hadi mita 2,576 kwenye kilele cha Luhombero. Sifa yake kuu ni kwamba kwenye mteremko wa mashariki msitu haujakatika: unaanza chini kwenye joto la miwa na mpunga na kuendelea kupanda mpaka kwenye baridi. Sehemu nyingi za Tao la Mashariki, yaani mnyororo wa milima unaojumuisha Usambara na Udzungwa, msitu wa chini ulishageuka mashamba zamani, ukabaki wa vileleni tu. Hapa mkanda wote upo.

Na hakuna barabara ndani. Kila kitu ni kwa miguu.

Wanyama ndio wanaoipa Udzungwa ushindi mbele ya Amani. Mbega mwekundu wa Udzungwa haishi mahali pengine duniani ila milima hii na misitu ya jirani, na mara nyingi unamwona karibu na ofisi za hifadhi pale Mang'ula, kabla hata hujaanza kutoa jasho. Kuna pia yule kima wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 baada ya kusikia mlio msituni ambao hawakuujua. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote na walikuwa na jina lao la kumwita. Kundi lake mojawapo limezoeshwa watu kwa ajili ya utafiti, kwa hiyo ulizia ofisini kuhusu utaratibu wa kwenda upande huo. Kuna sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, huyu akiwa na uso wa kijivu, aliyetangazwa kwa dunia mwaka 2008 tu. Tembo, nyati na chui wapo, ndiyo maana njia ndefu huziendi bila askari mwenye silaha. Kipunji, kima aliyevuma sana magazetini mwaka 2005, yuko kwenye safu hizi pia, lakini anaishi juu, kwenye msitu wa Ndundulu, mbali na njia za wageni. Usije Mang'ula ukitegemea kumwona.

Njia ya kuchagua kama una siku moja ni ya maporomoko ya Sanje, yenye kimo kinachozidi mita 170. Inachukua saa nne hivi kwa mtu wa kawaida, inapanda kwa nguvu, na katikati kuna mahali msitu unafunguka ukaona bonde lote la Kilombero, mashamba ya miwa yamenyooka mpaka macho yanaishiwa. Kuna mabwawa ya kuogelea, na maji ni ya baridi kuliko unavyotegemea. Ukiwa na miguu ya kupanda mlima na siku tatu, iko njia ya kilele cha Mwanihana, unalala msituni usiku mbili. Hiyo ndiyo inayokuonyesha mkanda wote, kutoka msitu wa joto mpaka wa ukungu, na kwa mtu aliyekwisha kupanda Kilimanjaro naiona kama safari inayofuata kwa haki kabisa.

Tatizo ni umbali. Kutoka Moshi mpaka Mang'ula ni karibu kilomita 700. Basi la Morogoro kupitia Chalinze linakula siku nzima. Unalala Morogoro, asubuhi unapanda magari ya Ifakara pale Msamvu, yanapita Mikumi na Kidatu, unashuka Mang'ula mchana. Siku mbili kwenda, mbili kurudi. Ukiwa na likizo ya siku nne, hesabu ya asubuhi inakuwa sifuri. Ukiwa na siku nane unapata asubuhi tatu au nne nzuri, na hapo Udzungwa inaanza kuilipa nauli yake.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni hulipita bila kujua. Vijiji vya Mang'ula na Sanje vimebanana kati ya hifadhi na mashamba ya miwa. Zamani kina mama waliruhusiwa kuokota kuni msituni siku moja kwa wiki. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikaisha. Msitu umepumua, ila mzigo ulihamia kwao. Kula kwa mama lishe wa kijijini, lala nyumba ya wageni ya hapo, mchukue mwongozaji wa hapo. Pesa yako ikibaki Mang'ula, inakuwa sehemu ya sababu ya msitu huo kuendelea kusimama.

Amani na Udzungwa uso kwa uso

Hapa ndipo watu wanaponing'ang'ania, kwa sababu Rau na Manyara wanaelewa haraka.

Kama unasafiri na wazazi wenye umri au watoto wa shule ya msingi, ni Amani bila mjadala. Kuna njia fupi za tambarare kiasi, kuna bustani, kuna viungo mashambani, iliki na mdalasini na pilipili manga, na mtoto anaweza kunusa na kushika. Udzungwa inamtaka mtu anayeweza kupanda mteremko mkali kwa saa mbili mfululizo kwenye joto. Nimeona watu wenye mazoezi ya Kilimanjaro wakihema pale, kwa sababu mlimani walizoea ubaridi na huku jasho halikauki.

Kama unataka picha za wanyama, ni Udzungwa. Kama unataka kujua mti, ua, chura na kinyonga, ni Amani, na sioni pa kuilinganisha nayo hapa nchini.

Msimu nao unaamua. Udzungwa iende Juni mpaka Oktoba. Wakati wa mvua njia za maporomoko zinateleza na ni hatari. Amani inavumilika zaidi: Januari na Februari ni wakati mzuri, na kuanzia Julai mpaka Septemba hali ni ya kupendeza, ingawa mvua inaweza kukukuta mwezi wowote. Aprili na Mei iepuke kote kuwili, barabara ya kutoka Sigi kupanda Amani inageuka tope.

Malipo yanatofautiana kwa taasisi. Udzungwa na Manyara ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Amani ni TFS. Kote raia analipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana ukilinganisha na mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA, usikiache nyumbani halafu ubishane getini. Malipo ni kwa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu au benki. Mtandao wa simu ukisumbua Sigi utakwama, hivyo maliza malipo ukiwa Muheza. Mkiwa kundi la watu wanne watano, gharama ya usafiri wa kukodi na mwongozaji inagawanyika ikawa ya kawaida.

Na malaria. Hili nalisema kwa uzito, hasa kwa watu wa Moshi na Arusha mjini, ambako maambukizi ni machache na miili yetu haijazoea. Muheza na Kilombero ni maeneo ambayo malaria imekuwa ikitafitiwa kwa miongo mingi kwa sababu ya wingi wake. Ongea na daktari au mfamasia kuhusu dawa za kinga kabla hujaondoka, lala ndani ya chandarua kila usiku, vaa mikono mirefu jioni. Ukipata homa hata wiki tatu baada ya kurudi, nenda ukapime siku hiyo hiyo na mwambie anayekupima kwamba ulikuwa Muheza au Kilombero. Daktari wa Moshi asipoambiwa, anaweza kuanza kufikiria kitu kingine.

Siafu na kupe wapo kote. Soksi ndefu, ingiza suruali ndani yake, utaonekana wa ajabu na hutaumwa. Upupu nao upo pembezoni mwa njia wakati wa kiangazi. Mwongozaji akisema usiguse, usiguse.

Misitu mingine

Nitaitaja kwa haraka. Jozani kule Unguja ni msitu wa tambarare wenye kima punju, ambaye hapatikani popote nje ya Zanzibar kwa asili; kama unaenda Zanzibar kwa sababu nyingine, tenga asubuhi moja, lakini usifunge safari kwa ajili yake peke yake. Minziro, kaskazini mwa Kagera, iko juu kidogo ya mita 1,100 lakini ndege na mimea yake ni jamaa za Kongo. Ni ya mpenzi wa ndege aliyekwisha kumaliza Amani. Kakamega, Kenya, ni nzuri, ila iko juu ya mita 1,500, na usiku utahitaji blanketi. Semuliki, magharibi mwa Uganda, kwenye mita 700 hivi, ndiyo mlango wa kweli wa msitu mkubwa wa Ituri wa Kongo, na kama una wiki mbili na pesa, iweke akilini.

Ningechagua hivi

Mwenye Jumamosi moja: Rau ukiwa Moshi. Ukiwa Arusha na una gari na wazee, Manyara. Ukiwa Arusha na una miguu, panda basi la asubuhi uje Rau vilevile.

Mwenye siku nne au tano: Amani, usiku mmoja Sigi, usiku mmoja au miwili juu, na matembezi ya usiku angalau mara moja.

Mwenye siku nane na zaidi, pamoja na mazoezi: Udzungwa, kati ya Juni na Oktoba, Sanje siku ya kwanza ili miguu ijue inaingia wapi, kisha Mwanihana kama bado unatamani. Anayekuja kwa gari lake binafsi anaweza kuunganisha miwili kwa kupita Muheza wakati wa kwenda, kisha Segera na Chalinze mpaka Morogoro. Mzunguko huo unataka siku kumi kwa uchache, na madereva wawili.

Na kwa wale wanaoniambia wana siku tatu tu na wanataka Udzungwa kwa sababu wameona picha ya maporomoko, jibu langu ni Amani. Ahirisha Udzungwa mpaka likizo ya mwaka. Piga simu ofisi ya hifadhi wiki moja kabla kuuliza hali ya barabara ya kupanda kutoka Sigi na kuweka nafasi ya kulala, maana vyumba vya hapo ni vichache na makundi ya wanafunzi wa vyuo huvijaza bila kutegemea.